Mpaka Nitakapokwambia

Majirani walisema kwamba katika chumba kile hata mbu huvua viatu mlangoni. Kilikuwa chumba kimoja mwisho wa ujia, na dirisha lake lilifunikwa na pazia zito la rangi ya chai ambalo halikufunguliwa hata jua likibembeleza. Ukipiga hodi hukuitikiwa. Mlango ulifunguka taratibu, ukamwona mwanamke mwembamba ambaye tayari ameweka kidole mdomoni. Nyuma yake, mkekani, alikaa mtoto wa kike wa miaka miwili kasoro mwezi, akikutazama bila kupepesa, ametulia kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi ya mwenzake.

Mtoto walimwita Pamba, kwa sababu hata akianguka hakusikika. Mama yake akawa Mama Pamba, na jina hilo lilimpendeza kuliko alivyoonyesha. Zamani mtaa ulimwita Teja, na hilo si jina, ni hukumu.

Kimya kile hakikujileta. Pamba alizaliwa na arosto. Kwa asiyejua, arosto ni yale mateso yanayomkuta mtu aliyezoea unga, ile dawa ya kulevya, siku unga ukikosekana. Na mtoto aliye tumboni hula anachokula mama yake, hata kile kisicholiwa. Walipomkata kitovu, na unga ukakatika hapo hapo. Kidevu kilimtetemeka, miguu ikamkakamaa, akalia kilio chembamba kisicho na mwisho. Mtu akiwasha taa alilia zaidi. Mtu akimwimbia alilia zaidi tena. Mama yake alilala kitanda cha pili akisikiliza, na alikijua kilio kile kuliko daktari yeyote wa wodi ile, maana naye alikwisha kukilia. Aliona aibu hata ya kugeuza shingo.

Aliyemwokoa alikuwa muuguzi mmoja mnene, mtu wa makamo, ambaye wodi nzima walimwita Mama Shuka kwa jinsi alivyojua kuwafunga watoto wachanga kwenye shuka wakatulia. Alimfunga mtoto, akamlaza kifuani kwa mama yake, akazima taa.

"Sikiliza, mwanangu," alimwambia kwa sauti ya chini. "Huyu dunia inamjia yote kwa mpigo. Mpunguzie. Mwanga mdogo, sauti ndogo. Ukimlisha, usimtazame machoni. Ukimtazama, usiseme naye. Ukimpakata, usimwimbie. Jambo moja kwa wakati mmoja. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokwambia."

Mtoto alitulia. Siku ya nne kutetemeka kulipungua, wiki ya tatu kukakoma, na wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Siku hiyo Mama Shuka hakuwepo. Mama Pamba alimuulizia, akaambiwa amehamishwa, yuko hospitali nyingine. Baada ya mwezi alirudi kumuulizia tena, akajibiwa vilevile na mtu ambaye hakuinua kichwa. Basi akarudi nyumbani, akafunga pazia, akaendelea.

Hapa lazima nimtetee huyu mwanamke kabla hujamcheka. Katika maisha yake alikuwa ameahidi mengi. Alimwahidi mama yake mzazi kwamba ataacha, mama akafa akingoja. Alimwahidi dada yake mara saba, na mara ya saba akaondoka na redio ya dada. Hakukuwa na mtu duniani aliyewahi kumpa neno naye akalishika. Hili la Mama Shuka lilikuwa la kwanza, na lilipomwingia mkononi akaona kumbe anaweza. Wahenga walituambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya yule anayesikia kupita kiasi, hawakutuachia neno.

Kila asubuhi alimbeba Pamba mgongoni, akamfunika kichwa kwa kitambaa kusudi kelele za barabarani zimfikie zimechoka, akaenda kwenye dirisha la dawa. Pale alitaja jina lake, akanywa kikombe chake cha dawa ya kuachia unga mbele ya mgawaji, akafungua mdomo kuonyesha kwamba amemeza, akasema asante. Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa maneno yake yote ya siku. Kisha walirudi, mlango ukafungwa, na siku ikaanza kuelea.

Alikuwa akiwatilia mafundi vifungo kwenye mashati. Dada yake, mara ya nane alipomsamehe, alimpa cherehani, lakini cherehani hupiga kelele, kwa hiyo ilikaa pembeni imefunikwa shuka na yeye akashona kwa mkono. Pazia lilikuwa na tundu dogo. Jua likipita hapo liliangusha duara sakafuni, na duara lile lilitambaa tangu mlangoni asubuhi mpaka mguu wa kitanda jioni. Pamba alilifuata. Alikaa ndani yake, likihama akahama, bila haraka, mpaka mama yake akajua saa kwa kutazama mtoto amekaa wapi. Vumbi lilicheza kwenye mwanga, sindano ikapanda ikashuka, na kati yao hapakupita hata neno. Nyakati nyingine Mama Pamba alisahau kama ameamka au bado anaota, na hakuona sababu ya kuuliza.

Wala mtoto hakuwa mjinga. Mbele yake palikuwa na bakuli la vifungo, naye alivitenga vyeupe na vyeusi, vya matundu mawili na vya matundu manne. Mama akiinua kidole kimoja, Pamba alileta kifungo kidogo. Akiinua viwili, alileta kikubwa. Akifurahi, mabega yalimtikisika na macho yakamjaa maji, lakini kicheko chenyewe hakikutoka. Walikuwa na raha wale wawili. Nasema hivyo waziwazi, kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba mle ndani mlikuwa na gereza.

Na watu wakubwa wote walimsifu. Kliniki ya kupima uzito walisema, mtoto mpole huyu, wenzake wanabomoa mizani. Afisa ustawi wa jamii, bwana mmoja mpole mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuja kukagua nyumba akakuta sakafu inang'aa na mtoto ametulia, akaandika kwenye karatasi yake: mazingira tulivu. Mama Pamba alilisoma neno hilo kwa kupindua shingo, akakaa nalo wiki nzima.

Aliyekosa raha alikuwa dada mtu. Huyu aliuza viatu vya mitumba, na sauti yake ilikuwa mali yake: akinadi mwanzo wa soko, mwisho wa soko watu walishika miguu yao wakaitazama. Kwa mdogo wake alilazimika kunong'ona, na kunong'ona kwake kuliamsha jirani.

"Huyu mtoto hasemi," alisema siku moja, amechuchumaa mkekani.

"Atasema, dada. Taratibu."

"Wa kwangu wa umri huu alishanitukana mara mbili. Huyu hata 'mama' haiti. Anakuitaje?"

"Ananishika nguo."

Dada mtu alimgeukia mdogo wake. "Mdogo wangu, sikuombei mabaya. Lakini unakumbuka tulichotia sahihi."

Alikumbuka. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani. Siku ya kutoka wodini walikaa mbele ya afisa ustawi wakakubaliana hivi: mtoto abaki na mama yake maadamu mama anakunywa dawa na hagusi unga, na akitimiza miaka miwili apimwe makuzi yake. Akionekana amerudi nyuma, ahamie kwa mama yake mkubwa. Tarehe ilikuwa Jumanne ya wiki iliyofuata.

Mtaani hawakungoja Jumanne. "Mtoto wa teja," walisema kwenye foleni ya maji, "mlitegemea nini?" Mama Pamba alisikia, kwa maana mtu anayeishi kimya husikia vizuri sana. Maneno yale hayakumuuma kwa ugeni. Yeye mwenyewe alikuwa akijiambia hayo hayo tangu wodini: kwamba unga ulipopita tumboni ulichukua kitu, na kitu chenyewe ni ulimi wa mwanawe. Ndiyo maana hakuwahi kuuliza mtu mbona mtoto hasemi. Aliogopa kujibiwa.

Jumanne walikwenda wote. Chumba cha kupimia kilikuwa cheupe, dirisha wazi, jua limemwagika mpaka kwenye viti. Mpimaji alikuwa msichana mwenye miwani, kazi yake kuwachezesha watoto na kuandika wanavyocheza. Alikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake vipande vya mti, kikombe, mwanasesere, mpira na kengele ndogo. Afisa ustawi alikaa pembeni na kalamu zake. Mama mkubwa alijibana kwenye kiti akijitahidi asipumue kwa sauti.

"Pamba," mpimaji alisema, "jenga."

Pamba alimtazama mama yake. Mama akaelekeza kidole kwenye vipande. Mtoto alipanga vipande tisa, kimoja juu ya kingine, vimenyooka kama vya fundi, na mpimaji akainua nyusi.

"Kikombe kiko wapi?" Hakuna jibu. "Mpe mwanasesere maji." Kimya. "Pua yako iko wapi?" Pamba alimkodolea macho mdomo wake unavyofunguka na kufumba, kwa udadisi, kama anatazama samaki. Mpimaji aliandika. Akaandika tena. Kila kalamu ilipogusa karatasi Mama Pamba aliona mtoto anasogea hatua moja kuelekea kiti cha dada yake.

Kisha mpimaji akapiga kengele.

Ilikuwa kengele ndogo, lakini Pamba alishtuka, akaruka, akaifunika kwa viganja vyote viwili, akaibana mpaka ikanyamaza. Alipohakikisha imekufa, alikwenda dirishani akavuta pazia, akafunga. Akarudi kwa mpimaji kwenye nusu giza lile, akamwekea kidole mdomoni, taratibu, kwa huruma kabisa.

Mpimaji hakukiondoa kile kidole. Alingoja mtoto akiondoe mwenyewe. Halafu akaweka daftari chini, akamgeukia mama.

"Mama Pamba, masikio anayo. Na akili yake nimeiona. Naomba unieleze, nyumbani mnaishije?"

Mama Pamba akaeleza. Alianza kwa kunong'ona, wakamwomba apandishe sauti, naye akaipandisha kidogo kwa woga wa mtu anayekanyaga sakafu ya udongo mbichi. Alieleza mwanga mdogo. Alieleza ukimlisha usimtazame, ukimtazama usiseme naye. Alieleza cherehani. Wala hakujitetea, alikuwa akijisifu, maskini. Alikuwa amemngojea muda mrefu mtu wa kumwambia jinsi alivyoshika neno.

Afisa ustawi alitazama viatu vyake, akakumbuka neno aliloandika.

"Ulielekezwa na nani?" mpimaji aliuliza.

"Mama Shuka. Wodini. Alisema mpaka atakaponiambia."

"Na hakukwambia?"

"Alihamishwa."

Mpimaji alitoa simu. Alipiga kwanza hospitali moja, wakampa namba ya nyingine, na mwishowe chumba kizima kikasikia sauti nene ya mwanamke ambaye nyuma yake watoto wachanga wanalia. Mpimaji alimweleza kwa maneno machache.

"Yule binti mwembamba?" Mama Shuka alisema. "Mwenye mtoto wa arosto, kitanda cha dirishani? Hadi leo? Ile ilikuwa ya wiki chache tu! Nilihama Ijumaa, nikasema mwenzangu wa zamu atamwambia. Ee Mungu wangu. Mpe simu."

Mama Pamba alishika simu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, umeshika neno langu miaka miwili?"

"Ndiyo, mama. Sikuvunja hata siku moja."

"Basi kosa ni langu, si lako. Sasa nakwambia. Umesikia? Nakwambia leo. Imekwisha. Fungua dirisha, mtazame, sema naye. Vyote kwa pamoja."

Mama Pamba alirudisha simu. Hakulia mara moja. Alikaa akihesabu kitu kichwani, na uso wake ukabadilika kadiri hesabu ilivyosogea: asubuhi zote zile, vifungo vyote vile, mtoto ndani ya duara la jua akingoja kuambiwa kitu. Aliona kwamba yule aliyemficha mwanawe maneno hakuwa unga peke yake. Alikuwa yeye, akiwa mzima, akiwa mwema, siku zake bora kuliko zote. Hapo ndipo alipolia, na alilia bila sauti, kama alivyomzoeza mwanawe.

"Siwezi kuapa kwamba unga haukuacha alama," mpimaji alisema. "Hilo tutaliona anavyokua. Ila huwezi kumlaumu mtoto kwa maneno ambayo hajapewa. Kwa leo, kwenye kusema, amerudi nyuma sana. Lazima niandike hivyo."

Afisa ustawi akakohoa. Karatasi ilikuwa wazi. Akamgeukia dada mtu. "Mama mkubwa, kwa mujibu wa makubaliano, mtoto anaweza kuondoka na wewe leo. Unasemaje?"

Mama Pamba hakuinua kichwa. Alishika tu pindo la gauni la Pamba.

Dada mtu alikuwa na kitanda tayari. Alikuwa amekinunulia na shuka mpya, na wanawe walikuwa wameambiwa. Alisimama, na aliposema alisahau kunong'ona, sauti ya soko ikajaa chumba.

"Miaka kumi na tano nimemsubiri huyu mtu ashike neno moja. Moja tu! Nimesema naye, nimemfungia mlango, nimemfungulia. Mama yetu amekufa akisubiri. Leo ndio nasikia ameshika, ameshika mpaka amepitiliza, halafu nimwadhibu?" Akajifuta uso kwa kiganja. "Mimi mtoto simchukui. Nitakuja kila jioni nikitoka sokoni, nipige kelele. Kelele ninazo. Lakini mama yake ni huyu."

Pamba alikuwa amejificha nyuma ya mguu wa mama yake, mikono masikioni, akimchungulia mama yake mkubwa kwa jicho moja. Afisa ustawi aliandika: abaki na mama, apimwe tena baada ya miezi mitatu. Safari hii alimgeuzia Mama Pamba karatasi aisome vizuri.

Alasiri hiyo mama na mtoto walirudi chumbani peke yao. Mama Pamba alivuta pazia, likakataa, akalivuta tena mpaka likatoka na msumari wake. Jua liliingia lote. Chumba kilionekana kidogo na kizee, na ukutani palikuwa na madoa ambayo hakuwahi kuyajua. Pamba alisimama katikati akilitafuta lile duara lake, asilione, akakaa chini pale aliposimama.

Mama alikaa mbele yake. Alimtazama machoni, akafungua mdomo, na hakuwa na la kusema. Mtu anamwambia nini mtoto aliyeishi naye miaka miwili? Alijaribu kutaja vitu. "Kifungo," alisema. "Mkeka. Ukuta." Sauti yake ilikuwa na kutu, ikamchekesha, ikamtia aibu. Akaona ni afadhali aanzie mwanzo, akamwambia ukweli, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

"Mimi ni mama yako," alisema. "Nilikuwa navuta unga. Nilikuvutia na wewe ukiwa humu ndani, ukatoka unatetemeka. Nilisikia unavyolia na sikuweza kugeuka kukutazama. Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nikinyamaza vizuri utapona. Nilikuwa na mengi ya kukwambia. Niliyanyamaza."

Pamba alisogea. Alimpandia mapajani, akamshika kidevu, akatumbukiza vidole vitatu mdomoni mwa mama yake, akapapasa ulimi na meno, akitafuta hicho kinachotoka kinatokea wapi. Mama hakunyamaza. Aliendelea kusema na vidole vikiwa mle mle, maneno yakatoka yamepinda, hayaeleweki hata kwake mwenyewe.

Mtoto alitoa mkono. Akauchunguza, ulikuwa umelowa. Kisha akafungua mdomo wake mwenyewe, kwa upana wote, akapiga ukelele mmoja mkubwa usio neno lolote, uliotoka mpaka ujiani, na mbwa wa jirani akaubwekea.

Mkono wa Mama Pamba ulikwisha kuinuka kwenda kumziba. Akaurudisha, akaukalia.

"Tena," alimwambia. "Sema tena."